Korongo Mwenye Mwanya

Kwa mkazi wa Kyebando, mtaa wa Kampala, korongo ni kalooli: ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayesimama juu ya majalala ya soko la Kalerwe akisubiri matumbo ya mbuzi na mabaki ya samaki. Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alimchunguza ndege huyo tangu miaka ya 1970, na Kampala inajulikana mbali kama mji ambamo ndege hao, waitwao pia marabu, hutaga na kulea makinda katikati ya watu. Kwa kuwa kalooli anaonekana kila siku, ni rahisi kudhani kwamba ukoo wote wa korongo unaishi kwa taka. Lakini anaye ndugu asiye na haja na jalala, naye ni korongo domo-wazi, mweusi, mwembamba zaidi, anayetembea polepole katika maji mafupi ya mabonde na kandokando ya maziwa. Chakula chake ni konokono wa majini, pamoja na kome, na mdomo wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Nataka kumtetea ndege huyu, tena kumtetea kwa hoja ya mpunga, kwa sababu konokono mgeni tayari ameingia katika mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki na watu wanatafuta cha kumwua. Ninaloshikilia ni hili: adui wa asili wa konokono haletwi shambani siku ya msiba. Huwapo pale tu alipoachwa aishi kabla hajahitajika, na sumu inayomwagwa kwa haraka ya kumwua konokono ndiyo inayomwondoa yeye.

Mdomo wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Korongo domo-wazi aliyekomaa akifumba mdomo, ncha hukutana lakini katikati hubaki mwanya wa milimita chache unaopitisha mwanga. Kinda hana mwanya huo. Hujitokeza ndege anapokua. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mwanya ni wa kubania gamba na kulivunja. M. P. Kahl, Mmarekani aliyewafuatilia korongo wa mabara mengi, alieleza mwaka 1971 kazi iliyo ya ustadi kuliko hiyo. Ndege hulishika gamba kwa domo la juu na kulikandamiza chini, kisha huipitisha ncha ya domo la chini kando ya kifuniko cha konokono, hukata msuli unaomshikilia ndani, na kumtoa mzima. Gamba mara nyingi hubaki bila ufa. Kazi yote hufanyika ndani ya maji yenye tope, bila kuona, kwa kuhisi tu. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lina maana kwa mkulima. Mnyama mwenye chombo mahususi kiasi hiki habahatishi chakula: humtafuta konokono hata pale ambapo konokono hajawa wengi, na hana njia ya kugeukia punje za mpunga siku konokono wakipungua, kwa kuwa mdomo ule haukuumbiwa punje.

Mgeni anayezungumzwa alitoka Amerika ya Kusini, katika mabonde ya mto Plata. Jina lake la kitaalamu ni Pomacea canaliculata, na wengi humwita konokono-tufaha wa dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisafirishwa hadi Taiwan, kisha Japani, Ufilipino na nchi jirani, kwa tumaini kwamba angekuwa kitoweo na biashara. Biashara ilikufa, konokono akabaki, akaingia katika mifereji na majaruba, na leo yumo katika orodha ya viumbe 100 vamizi walio wabaya kuliko wote duniani. Afrika Mashariki alitambuliwa rasmi mwaka 2020 katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea, kaunti ya Kirinyaga, inayotoa sehemu kubwa kabisa ya mchele unaolimwa Kenya. Hula shina la mche mchanga usiku mmoja ukaanguka. Hutaga mayai ya rangi ya waridi juu ya maji, kwenye kuta za mifereji na mashina ya mpunga, mamia katika kichala kimoja, nayo huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Ana shavu la kupumulia majini na pafu la kupumulia hewa, na maji yakikauka hujifungia ndani ya tope kwa miezi kadhaa akingoja. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wa Mwea na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba palipovamiwa kwa kiwango cha kati, mavuno yalipungua kwa karibu asilimia 14, lakini kipato halisi kilipungua kwa karibu asilimia 60. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo hadithi yenyewe. Mkulima hapotezi mpunga tu; anaajiri watu wa kuokota konokono, anapandikiza upya, ananunua dawa.

Kwenye dawa ndipo hesabu inapokwenda kombo. Konokono jike hukomaa kwa miezi miwili au mitatu katika maji ya joto na hutaga tena na tena. Korongo domo-wazi hutaga mayai matatu au manne, na makinda huchukua miaka kabla ya kuzaa. Sumu ikipita shambani ikaua sehemu sawa ya wote wawili, konokono hurudi msimu unaofuata, korongo harudi kwa muda mrefu. Na sumu haiui sawasawa, kwa sababu konokono aliyejichimbia kwenye tope au aliyefunga kifuniko huokoka, ilhali ndege anayekula konokono waliolegea kwa sumu huichukua kutoka kwa wengi kwa siku moja. Hivyo kila duru ya sumu humwacha mkulima na konokono wale wale na walaji wachache zaidi, naye analazimika kurudia. Somo hili mpunga ulishalifundisha kwa gharama kubwa. Katika Indonesia ya miaka ya 1970 na 1980, dawa za wadudu zilizogawiwa kwa ruzuku ziliwaua buibui waliokuwa wakila panzi wadogo wa kahawia, na panzi hao wakaangamiza mashamba makubwa. Mwaka 1986 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na uzalishaji haukuanguka kama wauzaji wa dawa walivyokuwa wametabiri. Buibui na korongo hawafanani kwa chochote, ila kwa hilo la kuzaliana polepole au kudhurika upesi kuliko yule wanayemla.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hoja yangu unatoka Thailand. Huko kuna korongo domo-wazi wa Asia, binamu wa huyu wetu, na kwa miongo mingi koloni lake mashuhuri lilikuwa katika uwanja wa hekalu la Wat Phai Lom, kaskazini mwa Bangkok. Watawa wa Kibudha hawakuruhusu mnyama auawe katika ardhi ya hekalu, basi ndege wakajenga viota juu ya miti yao, wakachafua paa zao, na wakaachwa. Hakuna aliyewahifadhi kwa ajili ya mpunga. Konokono wa Amerika alikuwa bado hajafika. Alipofika katika miaka ya 1980 na kuenea, ndege wale walikuwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mgeni huyo sasa ndiye sehemu kubwa ya chakula chao. Idadi yao imepanda, wameenea hadi sehemu ambazo hawakuwahi kuonekana, wengine wamefika Yunnan nchini China. Katika Florida, mwewe mla-konokono aliyekuwa akielekea kutoweka alipata nafuu baada ya konokono mkubwa wa jamii hiyo hiyo kuingia, na utafiti wa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba midomo ya mwewe hao ilikua kwa ukubwa ndani ya vizazi visivyozidi viwili. Mwewe huyo, anapomla konokono jike, hulitenga na kulitupa tezi la waridi linalotengeneza sumu ya mayai. Ndege hujifunza, na hujifunza haraka, mradi wawepo wa kujifunza.

Mtu makini atauliza mara moja: huyo ni wa Asia na yule ni wa Florida, je, wetu atamla mgeni? Jibu langu linasimama juu ya undugu wa konokono wenyewe. Korongo domo-wazi wa Afrika hula konokono wa jamii za Pila na Lanistes, walio katika familia moja na mgeni wa Mwea, wenye umbo la kukaribiana, na Pila akiwa na kifuniko kigumu zaidi. Ndege anayeweza kumfungua Pila hashindwi na Pomacea. Swali la pili ni zito zaidi: ndege hawamalizi konokono. Ni kweli, na Thailand bado inao. Hakuna mla-nyama anayemaliza chakula chake, la sivyo angekufa naye. Lakini mkulima hahitaji shamba lisilo na konokono hata mmoja. Mpunga uko hatarini hasa katika wiki chache za kwanza baada ya kupandikizwa. Shina likishakuwa gumu, konokono hula magugu na mabaki. Kinachotakiwa ni konokono wachache katika wiki hizo. Hapo ndege huungana na kazi nyingine zinazojulikana: kushusha maji hadi sentimita chache ili konokono wajikusanye kwenye vijifereji, kupandikiza miche iliyokomaa kidogo, kuokota vichala vya mayai. Mayai, kwa sababu ya sumu yake, karibu hakuna ndege anayeyagusa, kwa hiyo mkono wa mtu una kazi yake na mdomo wa ndege una yake. Maji mafupi yanayomfichua konokono kwa mwokotaji humfichua pia kwa korongo, kwa yangeyange na kwa kwarara.

Lakini tumewatendea nini ndege hao? Jibu liko Bunyala, skimu ya mpunga kwenye maji ya mto Nzoia magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Uganda. Kuanzia mwaka 2009 mtafiti wa ndege Martin Odino aliandika kwa kina biashara ya nyama ya ndege waliouawa huko kwa kabofurani, dawa ya wadudu iliyojulikana madukani kama Furadan. Kwa njiwa na bata wa mwitu, wategaji walinyunyizia punje za mpunga. Kwa korongo domo-wazi walichukua konokono, wakawatia sumu ndani ya gamba, wakawapanga majini. Korongo wengine walifungwa miguu wakiwa hai ili wenzao wanaopita angani waone na kutua. Mimi sijui kisa kinachoumiza kuliko hiki katika habari nzima ya mpunga wetu: yule ambaye kesho tutamhitaji amle konokono, aliuawa kwa konokono aliyetiwa sumu ya dukani, kisha nyama yake ikauzwa kwa watu waile. Nao waliotega hawakuwa wahalifu wa mbali. Walikuwa vijana wa vijiji vya skimu, wasio na jaruba, waliopata katika ndege fedha ambayo mpunga haukuwapa. Dawa hiyo ilikuwa rahisi kununua kuliko nyavu. Mtengenezaji aliiondoa katika soko la Kenya baada ya kelele zilizotokana na vifo vya simba waliouawa kwayo, ila sumu nyingine za aina hiyo bado ni rahisi kupatikana kwa anayezitafuta, na mpaka wa Busia hauzuii chupa ndogo.

Mkulima wa mpunga ana sababu yake ya kuwachukia ndege, na haifai kuipuuza. Kwelea kwelea wakishuka kwa makundi ya maelfu wakati punje zina maziwa, familia nzima huacha kila kitu kwenda kupiga madebe tangu alfajiri. Januari 2023 serikali ya Kenya ilianza kupulizia sumu ya fenthioni dhidi ya kwelea waliovamia mpunga wa Kisumu, na wakulima waliishukuru. Kwa mtu aliyepoteza nusu ya jaruba kwa ndege, kuambiwa awapende ndege ni tusi. Ila hasira yake ni ya haki kwa kwelea, na sumu haina macho ya kuwatenga. Fenthioni huua pia bundi na mwewe wanaookota kwelea waliokufa, na hutiririka katika maji yale yale anayotembea korongo. Kwelea mwenyewe, akiwa mmoja wa ndege walio wengi kuliko wote duniani, hujaza pengo lake upesi. Tunarudi kwenye hesabu ile: sumu humpunguza kwa muda mfupi anayezaa haraka, na kwa muda mrefu anayezaa polepole. Wengine hulalamika pia kwamba korongo na kwarara hukanyaga miche iliyotoka kupandikizwa. Hasara hiyo ipo, ni ya mistari michache kando ya tuta, na inazibwa kwa miche ya akiba ambayo kila mkulima mwangalifu huibakiza kitaluni.

Kuna wanaosema, basi tuwaweke bata. Japani, Takao Furuno aliwafanya bata kuwa sehemu ya jaruba lake, wakila magugu, wadudu na konokono na kuacha mbolea, na mbinu hiyo imeenea katika nchi nyingi za Asia. Sina neno dhidi ya bata. Anafaa kwa mwenye jaruba dogo, uzio na mtu wa kumrudisha bandani jioni. Lakini bata humeza konokono wadogo tu, akiingizwa mapema hung'oa miche, na hawezi kwenda kwenye mifereji mikuu, mabwawa na vinamasi vya pembeni ambako konokono wakubwa hujificha na kurudi kutoka huko. Wengine huenda mbali zaidi, wakapendekeza kuleta mla-konokono kutoka nchi za nje. Hapo historia inatukataza waziwazi, tena kwa mfano unaoanzia kwetu. Konokono mkubwa wa nchi kavu wa pwani ya Afrika Mashariki alisambazwa visiwani mwa Pasifiki, akawa balaa; mwaka 1977 konokono mwingine mla-konokono aliingizwa katika kisiwa cha Moorea ili amwangamize. Hakumwangamiza. Aliwamaliza konokono wadogo wa asili wa Moorea waliokuwa hawapatikani pengine popote. Sisi mla-konokono wetu yuko nyumbani tayari, haombi kibali cha kuingia.

Yuko nyumbani, lakini nyumba inapungua, na hapa Kyebando haiwezi kujitenga. Mvua inayoteremka mitaani Kyebando huingia mfereji wa Nsooba, ikapita Kalerwe na Bwaise hadi bonde la Lubigi, kutoka huko ikafuata Mayanja na Kafu hadi Nile. Ardhi oevu ya Uganda ilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya nchi mwaka 1994. Sasa iko chini ya asilimia 10. Lubigi imekatwa na barabara ya Northern Bypass, imejazwa kifusi, imelimwa magimbi, imejengwa nyumba. Mwaka 2021 serikali ilitangaza marufuku ya kilimo cha mpunga ndani ya ardhi oevu, na Juni 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, ikabomoa makazi Lubigi, watu wengi wakabaki na mabati yao kando ya barabara. Pingamizi kali kuliko zote linatoka kwa watu hao: je, ndege ana haki kuliko mtoto anayelala nje? Hapana, hana. Kumfukuza maskini bila kumwonyesha mahali pa kwenda hakumjengi korongo wala mtu. Lakini waliojaza bonde kwa malori ya kifusi hawakuwa maskini, na Bwaise inayofurika kila masika ni ya maskini kwanza. Mafunjo yanayozuia mafuriko hayo ndiyo yanayomficha konokono wa asili, ambaye ndiye anayemlisha korongo katika miaka ambayo hakuna mvamizi wa kula. Bonde moja linafanya kazi zote mbili, nalo likipotea zinapotea pamoja. Tena maji ya Nsooba hubeba mafuta ya gereji, betri na vinyesi, na konokono huhifadhi mwilini metali zinazotoka katika uchafu huo. Ndege anayekula konokono wa mji anakula pia uchafu wa mji.

Kwa hiyo ulinzi wa mpunga wa skimu ya Doho kule Butaleja, mashariki mwa Uganda, unaonyweshwa na mto Manafwa, hauanzii Doho. Korongo domo-wazi huhama kufuata mvua. Anaweza kula msimu mmoja katika bonde moja na kuzaa katika jingine, na huzaa kwa makoloni juu ya miti iliyo majini au matete marefu. Ukikata miti ya koloni moja, unapunguza walaji wa konokono katika mashamba yaliyo mbali nayo. Ndiyo maana napendekeza mambo ambayo si ya gharama kubwa lakini yanahitaji kufanywa sasa, kabla kichala cha kwanza cha waridi hakijaonekana kwenye mifereji ya Butaleja. Makoloni yaliyopo yaorodheshwe na miti yake iachwe, hata ikiwa ndani ya shamba la mtu, kwa malipo kwa mwenye shamba. Sumu yoyote ya konokono isiruhusiwe katika mpunga kabla haijapimwa kwa ndege wanaokula konokono waliokufa nayo, wala si kwa panya wa maabara peke yake. Vijana wa skimu walipwe kuokota mayai na konokono katika wiki zile za hatari, kwa kuwa yule aliye na mshahara wa kuokota konokono hana sababu ya kuwatia sumu. Na wakaguzi wa mpakani, wanaopekua miche na mbegu, wapekue pia tope lililoganda kwenye matrekta ya kukodi yanayovuka kutoka skimu moja hadi nyingine, maana konokono aliyejifunga ndani ya tope hilo anaweza kukaa miezi bila maji.